Daftari la wagonjwa wa ukoma lisibaki nyuma watu wanapokimbia

Watu wanapokimbia vita huku Kivu ya Kaskazini, wanabeba watoto, sufuria na godoro. Daftari la kituo cha afya linabaki mezani. Kwa mgonjwa wa ukoma, daftari hilo ni nusu ya matibabu.

Dawa zenyewe ni za bure: rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Mara moja kwa mwezi mgonjwa anameza dozi mbele ya muuguzi, zingine anazimeza nyumbani. Asipofika, ni daftari linalomwonyesha muuguzi nani atafutwe. Sasa mhami anayefika kituo kingine mikono mitupu, bila karatasi yoyote, aendelee kutoka mwezi wa 3 au wa 9? Muuguzi atakisia, ama atamwanzisha upya.

Tena ukoma unaweza kukaa mwilini miaka 5, hata 20, kabla ya kuonekana. Ndiyo maana jamaa wa nyumbani wanapaswa kupimwa, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri wale wasio na dalili wapewe dozi moja ya rifampisini ya kuwakinga. Watapatikana wapi kama hawakuandikwa?

Kosa kubwa zaidi, kwetu sisi, ni kuandika "amepona" na kufunga ukurasa. Mishipa ya fahamu inaweza kuvimba hata dawa zikiwa zimekwisha. Mkono unaoanza kulegea mwaka unaofuata unaweza kuokolewa, mradi mwenyewe aitwe apimwe mapema.

Uingereza, tangu 2007, madaktari wa ngozi wanafuatilia kwa miaka wagonjwa wa soriasisi wanaotumia dawa mpya, ili wajue madhara yanayochelewa kujitokeza. Hatuombi kompyuta zao.

Tunaomba wakuu wa zoni za afya wampe kila mgonjwa kadi yenye tarehe za dozi, na nakala ya daftari ifike kila mwezi kwenye ofisi kuu ya zoni. Kadi ikipotea njiani, simu moja itoshe. Nakala hiyo ifungiwe kabatini, isisomwe na kila mpita njia, maana hapa kwetu neno ukoma bado linavunja ndoa. Na wafadhili wanaoleta vidonge walipie pia mafuta ya pikipiki ya muuguzi anayekwenda kumuulizia aliyekosa dozi.