Mpeni DJ Albamu Yake

Kila Screamadelica ikitajwa, sifa ni ile ile: ati Primal Scream, mavijana wa gitaa kutoka Glasgow, walikuwa na ujasiri wa kuingia disko. Ujasiri gani, jameni? Disko ndiyo iliyowaokoa.

Mwaka wa 1989 bendi hii ilitoa albamu ya roki ngumu ambayo wengi hawakuijali. Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole, wa mtu aliyeachwa. Wakampa DJ Andrew Weatherall aufanyie remiksi. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la adabu mno, na Andrew Innes, mpiga gitaa wao, akamwambia auvunjevunje. Jamaa akauvunja kweli. Akatupa karibu sauti yote ya mwimbaji, Bobby Gillespie, akaweka mdundo wa kuchezeka, kisha akachomeka maneno ya Peter Fonda kutoka filamu ya 1966. Hiyo ndiyo "Loaded", ngoma ya 1990 iliyowaingiza kwenye chati kwa kishindo.

Sasa niambie: wimbo ambao mwimbaji wake hata hasikiki ni wa nani?

Albamu yenyewe ikaja 1991. Anayeimba "Don't Fight It, Feel It" si Gillespie, ni Denise Johnson, dada mweusi wa Manchester. "Higher Than the Sun" ilipita mikononi mwa The Orb. Nyimbo nyingi zilizobaki ni kazi ya Weatherall na Hugo Nicolson. Mbili zinazosikika kama roki halisi alizitengeneza Jimmy Miller, prodyuza wa zamani wa Rolling Stones. Halafu 1992 tuzo ya Mercury ikatolewa kwa mara ya kwanza, na jina lililosomwa ni la bendi.

Utaniambia bendi ndiyo iliyofungua mlango. Sawa, na Innes anastahili shukrani kwa ile amri yake. Lakini ona 1994: Weatherall hayupo, na wao haooo, wamerudi kwa gitaa za Rolling Stones kama watoto waliomkosa mlezi.

Kinachoniuma ni hiki. Muziki wa hausi ulizaliwa Chicago, kwa Frankie Knuckles pale Warehouse, kati ya watu weusi na mashoga waliotaka tu mahali pa kucheza hadi asubuhi. Hao hawakuitwa jasiri. Waliambiwa muziki wao ni kelele za klabu, mpaka wazungu wenye gitaa walipoushika, ndipo ghafla ukawa sanaa. Hata hapa Nairobi kuna wasee wanaoapa kwamba DJ "anabonyeza tu", na bado Screamadelica iko kwenye orodha zao za albamu bora.

Weatherall na Johnson wote walifariki 2020. Ukiiweka leo, ruka wimbo wa kwanza, nenda moja kwa moja hadi wa tatu. Kisha unitafutie Gillespie yuko wapi.