Mtindi wa viungo wa Kihindi: maziwa ya jioni yasimwagwe tena

Leo naomba tuongee kuhusu maziwa ya jioni.

Wengi mnaofuga ng'ombe wawili watatu mnajua hali ilivyo. Maziwa ya asubuhi yana mteja, ya jioni hayana. Mkusanyaji anapita mara moja tu, na majirani nao wana ng'ombe wao. Masika ndiyo inazidi, majani ni mengi, maziwa yanaongezeka, bei inashuka. Kinachofuata ni maziwa kuharibikia ndooni, mengine anapewa mbwa, mengine yanamwagwa. Halafu kesho yake mchana jua likiwaka, nyumba hiyo hiyo inamtuma mtoto dukani akalete soda.

Mimi naona hapo tunapoteza mara mbili. Tunamwaga kinywaji chetu, kisha tunatoa hela kununua cha wengine. Ndiyo maana nataka tujifunze kwa Wahindi, hasa wa Gujarat, kitu kinachoitwa chaasi. (Siyo chasi ya gari!)

Chaasi ni mtindi uliopekechwa, ukatolewa siagi, ukaongezwa maji, chumvi na viungo. Kwa Kihindi wengine wanaita mattha, Watamil kule kusini wanaita mor. Lasi ni ndugu yake, ila lasi ni nzito na mara nyingi ina sukari. Chaasi ni nyepesi, inanywewa pamoja na chakula cha mchana wakati wa joto. Huku kwetu ukiingia kwenye migahawa ya Wahindi wenye asili ya Gujarat, Dar es Salaam au Mombasa, utaikuta.

Kitu ninachokipenda ni jinsi ilivyoanza. Mama wa kijijini Gujarat alipekecha mtindi ili apate siagi, na siagi aliichemsha ikawa samli. Kile kilichobaki chunguni hakukimwaga. Alitia chumvi na jira, familia ikanywa. Siagi inaondoka na mafuta na sehemu kubwa ya vitamini A, lakini protini na madini ya chokaa yanabaki kwenye yale maziwa. Sasa kwetu wapo watengeneza samli wazuri kabisa ambao yale yaliyobaki wanayaona kama maji ya kuoshea vyombo. Hicho ni chakula jamani.

Tena kule jambo hili halikuishia jikoni. Mwaka 1946 wafugaji wadogo wa wilaya ya Kaira, Gujarat, waliunda ushirika wao baada ya kuchoka kupunjwa bei. Ndio huo unaojulikana leo kama Amul, na kati ya bidhaa zake ni chaasi ya viungo ndani ya pakiti. Sisemi kesho tuwe na kiwanda. Ninachosema ni kwamba wenzetu hawakukidharau kinywaji cha nyumbani.

Sasa tuingie jikoni.

Kwanza, mtindi. Chukua lita 1 ya maziwa, chemsha mpaka yatokote, endelea dakika chache huku unakoroga. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, yaani ukidondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono lisikuunguze. Weka vijiko vikubwa 2 vya mtindi mzuri usio na sukari, koroga taratibu, funika. Acha saa 8 hadi 12 bila kutikisa. Kama unaishi sehemu ya baridi kama Njombe au Lushoto, zungushia blanketi na uongeze muda.

Pili, siagi. Kama unaitaka, weka mtindi uliopoa kwenye kibuyu safi au chombo chenye mfuniko, usijaze zaidi ya nusu, tikisa mpaka uone punje za siagi zinaelea. Zitoe. Kama huna haja na siagi, ruka hatua hii.

Tatu, chaasi yenyewe. Kwa vikombe 2 vya mtindi tumia:
- maji yaliyochemshwa na kupozwa, vikombe 4
- chumvi, kijiko kidogo 1 kisichojaa
- bizari nyembamba (jira) iliyokaangwa kavu na kusagwa, kijiko kidogo 1
- tangawizi mbichi iliyopondwa, kipande kidogo
- pilipili mbichi nusu, ukipenda
- majani ya giligilani na nanaa, yaoshwe vizuri kwa maji safi kisha yakatwe

Weka vyote kwenye sufuria, pekecha kwa upekecho mpaka povu litokee. Onja. Ikiwa kali sana ongeza maji, ikiwa nyepesi ongeza mtindi. Jira usiikose, na ikaange kwanza, maana harufu yote iko hapo. Inywe siku hiyo hiyo. Kama una friji, siku mbili zinatosha. Ukiwa na mgonjwa wa presha nyumbani, punguza chumvi yake.

Piga hesabu: vikombe 2 vya mtindi vimekupa vikombe 6 vya kinywaji. Linganisha na bei ya soda sita hapo kwenu.

Najua swali linalokuja. Kila siku afisa anasema kuweka maji kwenye maziwa ni wizi, leo anatufundisha kuweka maji! Jibu langu ni hili. Ukiyapeleka kituoni ukisema ni maziwa wakati umetia maji, huo ni udanganyifu, na laktometa itakuumbua. Chaasi kila mtu anajua ina maji. Tofauti ni ukweli, na pia usafi wa hayo maji. Maji ya kisimani yasiyochemshwa yakiingia hapo, umetengeneza kuhara.

Na tusidanganyane kwamba kikombe cha chaasi ni sawa na kikombe cha maziwa. Siyo sawa, maana umekipunguza kwa maji. Watoto wanaokua wapewe maziwa yao au mtindi mzima kwanza. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu. Chaasi ishindane na soda, isishindane na maziwa ya mtoto.

Mambo mawili ya mwisho, haya sina utani nayo.

La kwanza, kuchemsha. Wapo wanaosema maziwa yakishaganda yamejiponya. Hapana. Ule uchachu haukuhakikishii kwamba vijidudu vya brusela au kifua kikuu cha ng'ombe vimekufa. Chemsha kabla ya kugandisha.

La pili, dawa. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki, maziwa yake hayanywewi na hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Ukiona maziwa yamegoma kuganda na mbegu yako ya mtindi ni nzima, jiulize kama ng'ombe alichomwa sindano. Dawa inaua hata wale vijidudu wazuri wanaogandisha. Na hata kuchemsha hakuondoi dawa hiyo.

Kuhusu biashara, najua wapo walioanza kuwaza chupa na lebo. Ni vizuri, ila tusikimbie. Tengeneza nyumbani mwezi mzima kwanza, uone kama ladha inatoka ile ile kila siku na kama watu wako wanaipenda. Ukitaka kuuza, fuata utaratibu wa Bodi ya Maziwa na TBS kabla ya kununua hata chupa moja.

Lakini hata kama hutauza kikombe kimoja, bado umepata. Wanaorudi shambani mchana wana kitu baridi cha kunywa kutoka kwa ng'ombe wao, samli iko kabatini, na hela ya soda imebaki mfukoni. Akina baba, maziwa ya jioni waachieni akina mama waamue. Wao ndio wanaojua nani ndani ya nyumba hajanywa kitu tangu asubuhi.