Freddie Mercury apimwe kwa mizani ya haki

KATIKA njia panda ya Buguruni, Dar es Salaam, Barabara ya Uhuru hukutana na Barabara ya Nelson Mandela. Maelfu ya wananchi hupita hapo kila siku wakielekea Kariakoo, Ubungo au bandarini. Majina hayo mawili yanakumbusha imani ya taifa hili kwamba uhuru wake haukukamilika madhali ndugu zao wa Afrika Kusini walikuwa bado chini ya makaburu. Kwa mizani hiyo anastahili kupimwa pia mwimbaji Freddie Mercury.

Farrokh Bulsara, kama alivyoitwa na wazazi wake, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, na huko alijipatia sifa kubwa akiwa mwimbaji wa bendi ya Queen. Alipata kuishi na mchumba wa kike, kisha akaishi na wanaume, na alifariki dunia London tarehe 24 Novemba, 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwaka 2006, ulipoandaliwa mpango wa kuadhimisha Unguja miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho iliupinga kwa sababu ya mapenzi yake hayo. Tangu wakati huo, ajapo kutajwa hapa nchini, linaloulizwa ni moja tu: alimpenda nani?

Swali hilo limefunika jingine lililo zito zaidi. Mwezi Oktoba, 1984, Queen ilikwenda kutumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, nchi bandia ambayo makaburu waliitangaza kuwa huru mwaka 1977 na Umoja wa Mataifa ukakataa kuitambua. Tangu Desemba, 1980, Umoja huo ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Wakati huo Mandela alikuwa amekwisha kaa kifungoni zaidi ya miaka 22. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na Mazimbu, Morogoro, vijana wa ANC walikuwa wakisoma uhamishoni. Mzaliwa wa Unguja akawaimbia matajiri wa upande ule uliowafukuza kwao.

Watetezi wake walisema kwamba watazamaji walikuwa wa rangi zote, na kwamba bendi ilitoa msaada kwa shule ya watoto viziwi na wasioona. Wakazi wa Buguruni, penye shule ya watoto viziwi, wanajua thamani ya msaada wa namna hiyo. Lakini sadaka haigeuzi dhuluma kuwa haki. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza bendi hiyo faini, na kilistahili kufanya hivyo.

Kosa hilo halikutokana na mapenzi yake. Frank Sinatra, aliyeoa wake wanne, aliimba Sun City mwaka 1981, na hakuna aliyetafuta sababu katika chumba chake cha kulala. Kumlaani Mercury kwa mambo ya faragha na kunyamazia aliyoyatenda hadharani ni kuipindua mizani.

Haki hudai pia mema yatajwe. Mwaka 2003 wenzake wa Queen walipiga muziki Cape Town katika kampeni ya Mandela dhidi ya UKIMWI, ugonjwa uliomwua rafiki yao. Mzee aliyefungwa miaka 27 aliwapa jukwaa lake.  Mkosaji aweza kupewa kazi ya kutengeneza.

Kwa hiyo, mwanafunzi amwulizapo mwalimu habari za Mercury, asijibiwe kwa kicheko wala kwa kimya. Aelezwe kipaji chake, kosa lake na ugonjwa uliomwua. Huenda darasani mwake yumo mtoto ambaye mzazi wake alikufa kwa ugonjwa huo huo, naye kebehi itamfikia kabla ya somo. Kisha mwanafunzi huyo aelekezwe Buguruni, asome majina ya barabara zile mbili, na aulizwe yeye angeimba wapi.