Picha Haiibi Daraja

Mwezi uliopita nilikwenda Owino kutafuta begi la safari. Soko hilo, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, liko karibu na uwanja wa Nakivubo, wala si mbali na stesheni ya reli ya Kampala. Katika mfuko wa begi moja la mtumba kutoka Ulaya nilikuta bahasha yenye picha kumi na tisa. Mama muuzaji alizitazama, akacheka, akasema, "Afande, hizo ni treni tu. Zichukue pamoja na begi."

Kweli zilikuwa treni tu. Mpigaji wake alikuwa mmoja wa wale watu wapendao treni kama wengine wapendavyo mpira, ambao husafiri mbali ili waione injini moja na kuandika namba yake. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli namba ya injini, jina la stesheni, tarehe na saa. Zote zilipigwa kati ya mwaka 1970 na 1973. Askari yeyote aliyewahi kujaza kitabu cha zamu angeisifu nidhamu hiyo.

Picha ya kwanza yaonyesha injini kubwa ya Garratt ikivuta mabehewa juu ya daraja la Nile pale Jinja, daraja lililoiwezesha reli kufika Kampala mwaka 1931. Ubavuni zasomeka herufi E.A.R., yaani Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Siku zile behewa lililopakiwa Kampala lilifika Mombasa chini ya shirika moja. Injini za aina ya 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kabila moja liliwavuta abiria wa makabila yote, wala hatukusikia kwamba yupo aliyeshuka kwa sababu hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki na reli yake.

Picha nyingine ni ya Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Nyingine ni ya Pakwach, iliyofikiwa mwaka 1964. Iko pia ya Namasagali, mwisho wa reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, ambako abiria walishuka treni na kupanda meli za Ziwa Kyoga. Katika picha hiyo gati ni tupu, kwa maana maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ile ilikufa, na majengo ya reli yakageuzwa kuwa shule. Nayo njia ya Kasese haijapitisha treni tangu miaka ya 1990.

Picha ya mwisho imepinda, kana kwamba mkono uligongwa. Nyuma yake ameandika kwamba askari wa daraja alimfukuza.

Ndugu askari, simlaumu mwenzetu huyo. Daraja ni mali ya vita. Mwaka 1915 vikosi vya Wajerumani vilivuka mpaka mara nyingi na kutega baruti katika reli ya kutoka Mombasa. Mlinzi asiyeshuku hafai kuwa mlinzi. Lakini tufanye hesabu kwa haki. Mtu mwenye kamera aliondoka na karatasi, na daraja likabaki mahali pake. Baada yake wamekuja watu wenye misumeno na spana; wamefungua bolti, wameng'oa mataruma ya chuma na kuyauza kama vyuma chakavu. Hao hawakupiga picha. Wengi wao walipita usiku, na filimbi ya mlinzi haikulia.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, kamanda wa lindo amweleze askari wake waziwazi ni nini kinachokatazwa na sheria na ni nini kisichokatazwa, ili asibaki kukisia. Mgeni mwenye kamera aulizwe kwa adabu, jina lake liandikwe, naye aelekezwe kwa mkuu wa stesheni. Ikiwa mahali hapo hapapigwi picha, aambiwe hivyo bila kofi wala matusi. Pili, macho yetu makali yaelekee kwa anayebeba chuma cha reli, na kwa yule anayekinunua bila kuuliza kimetoka wapi. Tatu, tuyafungue masanduku yetu wenyewe. Katika kambi na vituo vyetu zimo picha za zamani zinazoliwa na mchwa. Ziandikwe mahali, tarehe na majina ya waliomo, kabla wazee wanaowafahamu hawajatutoka.

Mwaka 2022 makumbusho ya reli yalifunguliwa pale Jinja. Nakusudia kuzipeleka huko picha hizi kumi na tisa, pamoja na ile iliyopinda. Ni aibu kidogo kwamba kumbukumbu ya reli yetu imeturudia ndani ya begi la mtumba, kwa mkono wa mtu tuliyemfukuza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgeni yule alituandikia daftari. Kulinda mali yenyewe ni kazi tuliyoilia kiapo sisi.