Kanuni za Sare na Raha ya Mwanafunzi Darasani

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa, pamoja na vipindi vyake, zamu ya juma moja au mawili. Katika zamu hiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi si kufundisha bali ni kukagua. Wanafunzi wamepanga mistari, kiranja ameshika daftari, naye mwalimu hupita akitazama kucha, nywele, kola, soksi na viatu. Kwa dakika hizo chache yeye ndiye hakimu. Neno lake moja laweza kumpeleka mtoto darasani au kumrudisha nyumbani. Ni ajabu, basi, kwamba katika vyuo vyetu tunatumia majuma mengi kumfunza mwanachuo kuandika andalio la somo la dakika 40, na pengine hatumwambii lolote juu ya hukumu hiyo ya asubuhi, ambayo yaweza kumnyima mtoto somo lenyewe.

Makala haya yana hoja moja tu. Kanuni ya sare yapasa kupimwa kwa somo. Kanuni inayomsaidia mtoto kujifunza ishikwe kwa nguvu. Isiyomsaidia wala kumzuia isifanywe sababu ya adhabu. Na ile inayomzuia asijifunze ibadilishwe.

Madhumuni ya sare

Sare hazikuzaliwa hapa kwetu. Zilikuja na shule za misheni na za serikali ya kikoloni, na wazee wetu wengi huikumbuka kaptura ya kaki iliyowatofautisha wachache waliosoma na wengi wasiosoma. Baada ya uhuru hatukuitupa sare, ila tuliipa maana nyingine. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuwatenga wachache na jamii yao. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaweka lengo la kuwapatia watoto wote nafasi ya elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Katika shule iliyofunguliwa kwa mtoto wa kila mkulima na kila mfanyakazi, sare iliyokuwa alama ya kubagua ikatakiwa iwe alama ya usawa.

Kwa hiyo madhumuni ya sare ni matatu. La kwanza ni usawa: mtoto wa tajiri na wa maskini wakae dawati moja pasipo nguo kuwatenga. La pili ni utambulisho: mtoto ajulikane njiani kuwa ni mwanafunzi, apate kulindwa na kusaidiwa. La tatu ni unadhifu: mtoto azoee kufua, kupiga pasi na kujitunza. Madhumuni haya ni mema, na mwandishi wa makala haya hayapingi hata moja. Lakini msomaji ayatazame tena kwa makini, kisha ajiulize: ni lipi kati yake linalovunjwa na soksi yenye mstari, au na sweta ya kijivu mahali palipotakiwa ya bluu?

Kizuizi kilichobaki langoni

Serikali yetu imefanya juhudi kubwa kuondoa vizuizi vya malipo katika elimu ya msingi. Ada ziliondolewa kwa ajili ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikakatazwa. Hata hivyo sare ilibaki kuwa jukumu la mzazi. Kwa familia yenye watoto wanne, mashati, kaptura, sketi, sweta na viatu ni mzigo unaosikika. Ada haisimami tena langoni pa shule, lakini sare ingali imesimama pale pale, na anayelishika lango hilo kila asubuhi ni mwalimu wa zamu.

Uzito wa kizuizi hiki si wa kubuni. Katika magharibi ya Kenya, kuanzia mwaka 2003, wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza shule za msingi 328, ambazo baadhi yake wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule zilizopewa sare wanafunzi walioacha masomo walikuwa wachache zaidi, na wasichana walioolewa au kupata mimba mapema walikuwa wachache zaidi vilevile. Kama nguo ikitolewa humbakiza mtoto shuleni, hapana budi tukubali kwamba nguo ikifanywa sharti gumu yaweza kumtoa.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto anayekaa kilometa mbili kutoka shuleni akirudishwa kubadili viatu atatembea kilometa nne, nazo kwa miguu ya mtoto ni saa nzima au zaidi. Atapoteza walau vipindi viwili, na mara nyingi hivyo ndivyo vipindi vya asubuhi tunavyovitengea Hisabati na Kusoma kwa sababu akili zingali changamfu. Huo ni upotevu wa mtoto anayerudi. Yule ambaye nyumbani hana viatu vingine harudi siku hiyo, wala pengine kesho yake. Kumtoa mtoto darasani ili mstari wa asubuhi upendeze ni kukata pua kuunga wajihi.

Mwili nao husoma

Katika somo la saikolojia ya elimu tunafundisha kwamba mtoto mwenye njaa au maumivu hawezi kutuliza mawazo. Lakini tukitoka hapo twasahau kwamba nguo nayo ni sehemu ya hali ya mwili. Nchi yetu ina hali nyingi za hewa. Dar es Salaam, Tanga au Lindi mwezi Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na darasa lenye bati tupu lisilo na dari huzidi hapo. Makete na Njombe mwezi Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali, na pengine sakitu hulala majanini. Kanuni moja haiwezi kuzitosha sehemu zote mbili. Sweta na tai zilizofungwa hadi shingoni huko pwani humfanya mtoto asinzie kabla ya saa sita. Na yule wa nyanda za juu aliyevuliwa sweta kwa kuwa si ya rangi ya shule hukaa akitetemeka, vidole vimekufa ganzi, wala hawezi kuandika herufi zikasomeka. Mwalimu wa darasa la kwanza atasema mwandiko wake ni mbaya.

Kitambaa chenyewe pia kina habari yake. Pamba hunyonya jasho. Tetroni hainyonyi vizuri, bali hulibakiza mwilini. Shule hupenda tetroni kwa sababu haikunjamani na hudumu, na mzazi huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mahali penye joto kali shule ingefaa walau kuruhusu shati la pamba lililokunjamana kidogo lihesabiwe kuwa safi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mwalimu mgeni huliona mara chache. Nimekuwa nikikaa nyuma ya madarasa kuwatazama wanachuo wakifundisha, na kutoka nyuma huonekana mambo yasiyoonekana ubaoni. Katika shule moja mwanachuo alikuwa akifundisha sehemu za kumi, na kwa njia nzuri ya maswali. Kijana mmoja wa dawati la mwisho aliandika majibu yote sahihi daftarini mwake, lakini hakunyosha mkono hata mara moja. Alipoitwa kwenda ubaoni alitikisa kichwa, akasema hajui. Mwanachuo akaandika katika tathmini ya somo kwamba kijana huyo hakuelewa. Kaptura yake ilikuwa imechanika nyuma kutoka mshono hadi pindo. Aliyekuwa hajui pale si yule mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wasichana nao wana taabu yao. Tunawafundisha wanachuo kutumia vikundi, michezo na maigizo. Kisha tunamvika msichana sketi nyembamba, tukamtaka akae chini kwa duara, aruke kamba, au apande kiti kuigiza. Hatashiriki, nasi tutasema wasichana ni waoga. Msichana wa darasa la sita au la saba aliye katika siku zake, asiye na sweta ya kufunga kiunoni kwa sababu kanuni imekataza, ataomba ruhusa ya kwenda nyumbani au hatakuja kabisa. Sketi pana yenye marinda na ruhusa ya kuvaa kaptura ndani wakati wa michezo haziondoi heshima ya mtu. Zinamrudisha msichana katika somo.

Na viatu? Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kiatu ni jambo la afya, kwa kuwa minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu mitupu. Mwalimu anayehimiza viatu anafanya kazi njema. Lakini kiatu ndicho kinachozuia safura. Weusi wa kiatu hauzuii kitu. Mtoto aliyekuja na raba nyeupe, makubazi au hata katambuga ametimiza maana ya kanuni. Kumvua makubazi ili asimame peku kwa kuwa hana viatu vyeusi ni kuipindua kanuni juu chini.

Hoja ya nidhamu

Wapo watakaosema kwamba ukilegeza dogo, kubwa litafuata. Kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Na kwamba shule isiyojali soksi leo haitajali uchelewaji kesho. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa maana walimu wakuu wengi wanaoishika wamezijenga shule zao kutoka chini kabisa. Lakini nidhamu ni mtoto kutenda lililo sahihi hata asipotazamwa. Mtoto huweza kufua shati lake, na akiliacha chafu anastahili kuonywa. Hawezi kununua sweta. Mnunuzi ni mzazi. Kumwadhibu kwa lisilo katika uwezo wake hakumfunzi nidhamu. Humfunza kwamba kanuni hazina haki, au humfunza kusema uongo mstarini. Tukumbuke pia kwamba kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko ziliitenga adhabu hiyo kwa makosa mazito, visizidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi. Rangi ya soksi si kosa zito.

Wengine watasema kwamba tukiruhusu tofauti, watoto wa wenye nacho watajionyesha. Hili ni kweli, na ndiyo sababu sitetei kuondoa sare. Natetea sare iliyo rahisi: rangi moja ya shati, rangi moja ya kaptura au sketi, kitambaa ambacho fundi yeyote wa kijijini aweza kukishona, na uhuru katika yale mengine. Kila nyongeza tunayoiweka, kama nembo inayouzwa na duka moja tu, tai, soksi za aina maalumu au sweta ya kufumwa mjini, haizidishi usawa. Inawatenga tena waliomudu na wasiomudu, yaani inatenda lile lile ambalo sare ililetwa kulizuia.

Mwalimu wa zamu afanye nini?

Mwanachuo atauliza: mimi ni mgeni shuleni, kanuni nimezikuta, mwalimu mkuu ndiye atakayetia alama katika ripoti yangu, nifanye nini? Swali ni la haki, na jibu halihitaji uasi. Yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, mtoto aingie darasani, kisha kasoro yake iandikwe. Ukaguzi hauharibiki kwa kuandikwa daftarini badala ya kutekelezwa pale pale. Mzazi aitwe au aandikiwe baadaye.

Pili, katika daftari hilo atenganishe uchafu na upungufu. Uchafu ni wa mtoto na utarekebishwa naye. Upungufu ni wa nyumbani na utazungumzwa na mzazi. Asiuzungumze mbele ya mstari.

Tatu, sindano, uzi na vifungo viwekwe ofisini, na watoto wote, wavulana kwa wasichana, wafundishwe kushona mshono uliofumuka na kurudishia kifungo. Hii ni elimu ya kujitegemea isiyohitaji shamba wala mtaji, na kaptura iliyoshonwa saa mbili humfikisha mwenyewe ubaoni saa tatu.

Nne, mwishoni mwa zamu ahesabu vipindi vilivyopotea kwa sababu ya sare katika juma hilo, akavisome katika kikao cha walimu pasipo kulaumu mtu. Mwalimu mkuu mwenye busara akisikia kwamba vipindi kumi na viwili vya Hisabati vilikwenda kwa sababu ya soksi, ataipeleka habari hiyo kwenye kamati ya shule mwenyewe. Wazazi walioko katika kamati hiyo ndio wanaonunua nguo, nao watakuwa na la kusema.

Ndugu wanachuo, mtakapofika shuleni mtakabidhiwa chaki na daftari la zamu. Visitumike kupingana. Kabla ya kumwambia mtoto yeyote arudi nyumbani, tazameni ratiba ya vipindi ukutani, mkajue ni somo gani mnalomnyima.