Ganda la risasi si la kuuza kwenye mitraye

Wezi wenye silaha wakipita usiku katika kartie za Lubumbashi, iwe Katuba, Rwashi ama komine Annexe, asubuhi maswali ni yale yale: wamechukua nini, nani ameumia? Maganda ya risasi yaliyobaki njiani huachiwa watoto, na watoto wakiyapeleka kwa wanunuzi wa mitraye, ushahidi umekwisha.

Maganda hayafanani. La AK-47 lina urefu wa milimita 39 na shingo nyembamba. La bastola ya Makarov ni milimita 18, la Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger wa Austria miaka ya 1900, ni 19. Haya mawili mtu asiyezoea hawezi kuyatofautisha. Lakini Makarov haina kazi nyingi nje ya bastola zake, wakati Parabellum inatumika katika bastola za nchi nyingi na hata bunduki ndogo kama Uzi. Risasi inayoingia kila mahali inauzika kila mahali. Ndani ya mji hiyo ndiyo ya kuogopwa, hata kama AK inapiga mbali zaidi.

Tena, huko Marekani wapiga shabaha huokota maganda yao ya shaba ya njano, wakayajaza na kuyatumia upya. Ya chuma, kama mengi ya AK, hayafai sana. Basi anayesema ganda tupu ni takataka hajaliangalia vizuri. Mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 nao haukuishia kwenye bunduki: unataja risasi pia, pamoja na vipande vya kuzitengeneza.

Chini ya ganda mara nyingi kuna alama ya kiwanda na mwaka. Pini ya bunduki nayo huacha alama yake, kwa hiyo maganda ya wizi wa sehemu tatu yanaweza kuonyesha silaha moja. Lakini polisi ina deni hapa: raia anayeleta ganda asipokelewe kama mshukiwa. Watu wanaogopa, na wana sababu.

Familia zilizokimbia Mitwaba na Pweto zinaijua milio hii kuliko wengi. Ganda tupu lifunikwe kwa kopo, aitwe shefu wa avenyu. Risasi nzima, ile yenye kichwa bado, isiguswe, isitupwe motoni, wala isigongwe nyundo kwa kutafuta shaba.