Rafiki Mgonjwa, Kadi Hana: Tusidanganyane

Mtu akishikwa na ugonjwa mzito bila kadi ya matibabu, washauri humfikia kabla ya daktari. Hapa Burundi, iwe Gitega au Muyinga, maneno ni yale yale, na mengi yanamchelewesha mgonjwa.

"Kashaugua, bima gani itamkubali?" Kwa kampuni za binafsi, hoja hiyo ina uzito: wenye biashara hawapendi mteja anayekuja na faili la hospitali mkononi. Lakini Kadi ya Msaada wa Matibabu, ile tuliyozoea kuiita CAM, haikuundwa kwa biashara. Ilianza mwaka 1984 kwa ajili ya wakulima na wengine wasio na mshahara, na ilipofufuliwa mwaka 2012 bei yake iliwekwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka. Haimuulizi mtu kama ni mzima. Ndiyo maana wengi huinunua siku wanayougua, na wataalamu wa fedha za afya hulalamika. Wana haki, maana mfuko unaochangiwa na wagonjwa watupu haujai. Ila hilo ni la wizara kulitatua, si la rafiki yako aliyelala kitandani.

"CAM ni karatasi tu." Hapa pana ukweli, na ndipo panapoumiza. Kwa utaratibu, kadi inabeba asilimia 80 ya gharama katika vituo vya serikali, mgonjwa anabaki na 20. Kwa vitendo, malipo ya serikali huchelewa kuvifikia vituo, dawa zinakwisha stoo, na mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue famasi ya mjini. Huko kadi haina kazi; analipa yote. Nakubali. Lakini anayeitupa kadi kwa sababu hiyo hajapiga hesabu ya kulazwa. Siku za kitanda, vipimo na upasuaji, vyote vikishuka hadi moja ya tano ya bei, ndiyo tofauti kati ya familia iliyouza mbuzi na iliyouza shamba. Tena lawama nyingine ni zetu: tunaruka ngazi. Tunampakia mgonjwa moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila karatasi ya rufaa ya kituo cha afya, kisha tunagombana na karani dirishani. Na kwa hospitali za misheni kama Kibuye au Mutoyi, uliza kwanza kadi gani wanapokea, ndipo ukodi gari.

Wapo wanaosema kwa nia njema kabisa: "Mwazime kadi yako ya mitueli." Mitueli ya wafanyakazi wa serikali, iliyoundwa mwaka 1980, ni ya mwanachama, mwenzi wake na watoto wake. Hata ndugu wa tumbo moja hayumo, sembuse rafiki. Achilia mbali kwamba ni udanganyifu. Mgonjwa mahututi anayetibiwa kwa jina la mwingine anasomewa faili la mwingine, pamoja na kundi la damu lisilo lake.

"Magonjwa makubwa serikali haiyagusi." Inategemea ugonjwa. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya Ukimwi hutolewa bure, na tangu Mei 2006 mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Anayeachwa juani ni mtu mzima mwenye kansa au ugonjwa wa figo. Kwa huyo sina habari tamu: wanaohitaji mionzi wamekuwa wakipelekwa nje ya nchi.

Hapo ndipo Muyinga utasikia, "Vukeni mpaka wa Kobero, Tanzania kuna bima." Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kweli, ila kwa ajili ya wakazi wake. Mrundi anayefika Ngara, ng'ambo ya mpaka, na faili lake asitegemee bima hiyo. Aende na fedha mkononi.

Ushauri mbaya kuliko wote ni huu: "Mlazeni tu, deni litajulikana mbele." Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa, wengine kwa miezi, wameshapona. Asiye na kitu kabisa aombe cheti cha umaskini komine, akianzia kwa mkuu wa kilima anayemfahamu, ili wizara inayohusika na mshikamano ibebe gharama. Na cheti hicho kitafutwe kabla ya bili, kwa sababu nacho kina foleni yake.

Kwa hiyo mkikaa kumchangia rafiki yenu, mmoja wenu aondoke asubuhi na karangamuntu (kitambulisho) ya mgonjwa kufuata kadi, mwingine afuate karatasi ya rufaa. Michango iwekwe kwa ajili ya asilimia 20, dawa za famasi na nauli.